Tundu Moja la Zaina na Kinywa Changu

Rumonge, siku ya soko

Mudogo wangu Feza,

Amahoro kwako, mutoto wa mama yangu, na kwa wote wanaolala chini ya bati lako pale Baraka, ng'ambo ya ziwa. Goti limekuachia? Na lile jino umeling'oa, au bado unalibembeleza kama mume mgonjwa? Ling'oe. Mimi huku nakula, nauza mawese yangu, nagombana na watu, basi ujue afya iko.

Anayeniandikia ni Zaina, mjukuu wangu, binti wa marehemu Salima wangu, yule anayetengeneza telefone sokoni pembeni ya meza yangu. Nimemwambia aandike yote, hata pale nilipokosa.

Wavuvi wa hapa wanavua ndagala kwa taa za betri. Kila mtumbwi uko na betri moja, lakini taa iko na kichwa chake cha waya, telefone na chake, redio na chake. Mikono imelowa, nyaya zimesokotana kama utumbo wa mbuzi, mtu anachomeka cha taa mahali pa redio, moshi! Kila asubuhi walimletea Zaina vitu vilivyoungua. Akachoka. Akajifungia miezi na vyuma vyake, akatoka na kisanduku kidogo cha kufunga juu ya betri, chenye tundu moja linalokubali vyote. Ukichomeka telefone linatoa moto wa umeme wa kutosha telefone, ukichomeka taa linatoa wa taa. Lenyewe linajua. Na pembeni alikata alama, kidole gumba kinaipapasa tu, kinajua upande. Hata mimi ambaye sikuona mlango wa shule, nachomeka bila kutazama.

Akaniambia: "Bibi, usimuonyeshe mtu. Nataka kwanza karatasi ya serikali, ile breve, inayosema hiki nilikianzisha mimi, mtu asiige."

Nikasema sawa. Nikanyamaza siku mbili, Feza. Mbili! Unanijua.

Ikaingia wiki ya mwezi mukubwa, hakuna anayevua kwa kuwa ndagala hawafuati taa, mitumbwi yote iko kwenye mchanga. Wiki hiyo huwa napikia wavuvi wanaonunua mawese kwangu. Tunakula, Nyabenda, yule mvuvi mzee mwenye mdomo mrefu, akaanza: "Mama Salima, huyo mjukuu wako anafanya nini kutwa ndani? Amekosa bwana?"

Damu ikanipanda. Nikaenda ndani, nikabeba visanduku vyote saba alivyokwisha kutengeneza, nikasimama katikati ya sahani: "Huyu ndiye aliyekosa bwana! Chomekeni muone!" Nikagawa, mtumbwi mmoja kisanduku kimoja. Giza liliporudi, wakaingia navyo ziwani.

Zaina hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Alipouliza kule Bujumbura, kwenye biro inayotoa breve, walimjibu kwamba kitu ambacho watu wamekwisha kukiona na kukitumia hadharani, hakipewi karatasi tena. Akaniambia, "Bibi, umenifungia mlango," akala chakula chake peke yake siku nyingi. Mimi nikawa napika na kutazama mgongo wake.

Halafu akaja bwana mmoja wa Bujumbura, muuzaji wa vitu vya umeme, viatu vinang'aa. Mkononi kisanduku chetu, amekitoa kwa mvuvi mmoja. Anasema ameomba breve kwa jina lake, Zaina aache kutengeneza, na mvuvi anayetaka atanunua kwake. Zaina akarudi nyumbani, akaanza kukusanya vyuma vyake kwenye gunia.

Nikamuuliza: "Wewe walikunyima kwa sababu gani?"

"Kwa sababu watu walikwisha kukiona."

"Na yeye, hao watu wamepofuka macho?"

Akaliacha gunia. Mara ya kwanza tangu siku ile, akanitazama usoni.

Tukaenda Bujumbura, mimi, Zaina na Nyabenda na kisanduku chake kinachonuka samaki. Mama wa biro akauliza, mliona lini? Nyabenda akasema wiki ya mwezi mukubwa, kabla ya mvua. Yule bwana, naye alikuwa ameitwa, akacheka: "Madamu, wavuvi wanasema chochote." Nyabenda akatoa telefone yake. Kumbe siku ile alinipiga picha ya kutembea, na tarehe iko! Biro nzima ikanisikiliza nikipiga kelele na kijiko mkononi: "Huyu ndiye aliyekosa bwana!" Yule mama alicheka mpaka akafuta macho. Akaangalia tarehe, akaangalia karatasi za yule bwana. Mimi nilimtangulia miezi miwili.

Akasema: karatasi hapati yeye, hapati Zaina. Tundu ni la kila mtu. Nje, Zaina akanishika mkono. "Bibi, naweza kuendelea." Na anaendelea. Yule bwana naye atengeneze akitaka. Wavuvi wanakuja kwa Zaina, kwa sababu kikiharibika anajua pa kugusa.

Kimoja nakutumia na nahodha wa boti ya Baraka, ni cha redio yako. Usikikalie.

Nisalimie shemeji yangu fundi wa nguo, na mjane wa kaka yetu, na yule jirani aliyenizalisha Salima, mwambie mjukuu wa mikono yake ni huyu anayeandika.

Jambo la mwisho. Zaina ameanza kingine, na hiki watu bado hawajakiona. Nimekishika mwenyewe. Ungekiona, Feza, ungesahau jino. Sasa kalamu imesimama, ananitazama, anataka kuona kama nitasema.

Sisemi. Hata wewe, tuliyenyonya nawe ziwa moja. Ngoja karatasi itoke.

Yaya wako, dada mkubwa anayekupenda kwa nguvu,
Mwamini