Santuri ya Enoka niliichoma mimi, aliyekamatwa ni Yahaya

Mama Anastazia, mshauri wetu wa gazetini,

Pokea salamu za mtu usiyemjua. Naomba msaada wako maana hapa nilipo sina wa kumweleza, mume wangu anajua nusu ya mambo na ameshaniamuru ninyamaze.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa hapa Tunduma, mume wangu Hezron ni mzee wa kanisa, na mdogo wangu Enoka anaishi nasi tangu mwaka juzi aliporudi kutoka migodi ya shaba huko Zambia masikio yakiwa yameharibiwa na baruti, ukitaka akusikie lazima usimame mbele yake na upaaze sauti. Kitu pekee cha maana alichorudi nacho ni gramafoni ya betri na santuri moja kubwa ya nyimbo za sinema, ule muziki wa magitaa ya umeme yanayonguruma na ngoma zinazopigwa kama nyundo, mwenyewe anauita hevi meto, na juu ya jalada kuna picha ya mtu wa chuma anayetoka shimoni macho yakiwaka moto. Sinema yenyewe ni habari ya wachimbaji waliofukiwa chini wakawa wanagonga mwamba mpaka watu wa juu wakawasikia, Enoka aliitazama mara tatu pamoja na rafiki yake Mubanga aliyekuwa akishuka naye mgodini, na santuri wakainunua kwa kuchanga wawili, halafu baada ya mwezi mmoja Mubanga akafukiwa kweli, na yeye hakuna aliyemsikia.

Kwaya Enoka haisikii, redio haisikii, lakini ule muziki alikuwa anaweka kiganja juu ya spika, anafumba macho, na siku moja aliniambia, "Dada, huu unanifikia." Betri alikuwa akiletewa na jirani yetu Yahaya, mfanyabiashara mtu wa Tanga, anayevuka mpaka upande wa Nakonde kununua sabuni na mafuta ya kula, maana upande wetu mwaka huu maduka ni rafu tupu. Alikuwa anakuja na mkewe Zaitun, wanakaa uani wanacheka na zile kelele, hata mimi nilikuwa nacheka.

Mwezi wa sita mama yetu akaugua kifua, tukamlaza kwangu, na baada ya siku chache Enoka akaenda Hasamba kumsaidia baba mdogo kuchuma kahawa. Mume wangu akaniambia, "Mama yako anazidiwa na wewe unafuga shetani ndani. Hiyo santuri itoke kabla wazee hawajaja kuomba." Nikasema tumngoje mwenyewe arudi. Akanijibu, "Mama akifa utasema ulikuwa unamngoja Enoka?" Neno hilo lilinivunja nguvu, Mama Anastazia. Nikaichukua kwa mikono yangu nikaitia mekoni, ikajikunja, moshi mweusi ukanikaa kooni, na jalada nikalisukumia ndani kwa ukuni mpaka lile jicho la mwisho likateketea.

Kesho yake mama akaniita akaniuliza kwa Kinyiha, mbona nyumba imekuwa kimya, Enoka hapigi vitu vyake? Kumbe alikuwa akilala ule mtetemo ukimfikia kitandani, anajua mwanawe yupo. Nikainuka nikaenda kumchemshia uji. Siku ya nne akafariki.

Enoka akarudi kuzika, na baada ya matanga akatafuta santuri yake, akapekua chini ya kitanda, juu ya dari, mpaka kwenye magunia ya mahindi, kisha akaja akasimama mbele yangu akauliza, "Dada, nani aliingia chumbani kwangu?" Mume wangu alikuwa amekaa pale pale ananiangalia. Mimi nikasema, "Labda muulize Yahaya. Ndiye aliyeingia kuleta betri." Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Wakagombana barabarani watu wakajaa, Yahaya anaapa kwa Mungu wake, Enoka hasikii hata anachoapiwa. Siku ya tatu Enoka akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, na wewe unajua hali ilivyo tangu msako wa wahujumu uchumi uanze, akasema Yahaya anaficha mali ya magendo na ana ghala kubwa kule Chapwa, nje ya mji. Ghala hilo halipo, Enoka anajua halipo. Walipokuja kupekua walikuta chini ya kitanda katoni mbili za sabuni, madebe matatu ya mafuta na pakiti za betri. Yahaya akapandishwa kwenye Landrova mikono nyuma, yuko mahabusu Mbeya mpaka leo, na Enoka ameitwa kutoa ushahidi baada ya wiki tatu.

Zaitun ana mtoto wa miezi minne na hana ndugu hapa. Kila siku anakuja kwangu, nampa unga, nambebea mtoto, naye ananiambia, "Dada Elina, nyinyi ndio ndugu zangu." Jana alinishika mkono akalia, nami nikalia naye, akaniambia nina moyo mzuri. Nikisema ukweli nitampoteza mdogo wangu, nitamwaibisha mume wangu kanisani, na Zaitun atanitemea mate. Nikinyamaza Yahaya atafungwa. Naomba uniambie, kuna njia ya kumsaidia Yahaya bila watu kujua ni mimi?

Ni mimi Elina, Tunduma.

JIBU

Elina, majina yote nimeyabadili, na jibu hili nimekutumia kwa posta siku niliyopata barua yako, kwa sababu wiki tatu zako haziwezi kungoja gazeti.

Swali lako nalijibu kwanza: hakuna. Njia hiyo unayoitafuta haipo, na wewe unajua haipo, ndiyo maana umeandika.

Pole kwa kufiwa na mama. Mama yako aliuawa na ugonjwa wa kifua. Santuri haikumletea huo ugonjwa, na kuichoma hakukumponya. Ulishikwa pabaya, mgonjwa ndani na mume anakutisha na kifo cha mzazi wako, wengi wangefanya ulichofanya. Kwa moto ule sikugombezi sana. Nakugombeza kwa neno "labda". Hilo hukulazimishwa na mtu. Ulimwona mdogo wako amesimama mbele yako hasikii dunia, anategemea mdomo wako, ukampa uongo, naye akaubeba mpaka kwa balozi.

Sasa nisikilize. Mwambie Enoka leo, mchana, uso kwa uso. Usipige kelele majirani wakasikia kabla yake. Mwandikie kwenye karatasi, mpe, na usiondoke chumbani mpaka amalize kusoma. Usianze na mume wako wala na shetani. Anza hivi: santuri niliichoma mimi. Atakasirika, pengine atahama. Mwache akasirike, ana haki. Alichokipoteza si kelele, ni rafiki yake.

Akishatulia, mwambie kosa lake na yeye. Ghala la Chapwa alilibuni mwenyewe, na mtu anayefungwa kwa sabuni na mtu anayefungwa kwa ghala si sawa. Muende wote wawili kwa balozi, halafu Mbeya kabla ya siku ya kesi, aseme wazi kwamba ghala hakuliona na alisema kwa hasira, nawe useme hasira hiyo ilitoka wapi. Bebeni ile barua aliyoitiwa Enoka kutoa ushahidi. Wanaweza kuwafokea, wanaweza hata kuwaweka ndani siku mbili. Siwezi kukuahidi kwamba Yahaya ataachiwa, maana sabuni ilikutwa kweli na siku hizi hakimu hana huruma na sabuni. Lakini asifungwe kwa kitu ambacho hakipo.

Mume wako mweleze baada ya Enoka, si kabla, maana atakuzuia. Akisema unaliaibisha kanisa, mwambie aibu ilikuja siku alipokaa kimya akikuangalia unamsingizia jirani.

Amebaki Zaitun. Mwendee ukamwambie kabla hajasikia kwa wengine. Unga endelea kumpelekea hata akiufunga mlango, uweke kizingitini uondoke. Na msamaha usimwombe siku hiyo. Najua ndio unaoutaka, ulale usingizi. Lakini yule mama ana mtoto mgongoni na mume mahabusu, usimwongezee na kazi ya kukufariji wewe.