Ng'ombe wa Mzee Mugabo

Nyarutarama, Kigali
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na majirani wa Morogoro wanakutazama vizuri. Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha. Simu siku hizi huisikii, ndiyo maana nimeandika, na Johnson wa mabasi atakuletea. Isome ukiwa umekaa.

Kazi yangu unaijua. Bwana Usumani, tajiri wa Dar es Salaam, anataka kujenga hoteli ya watalii kwenye kilima nje kidogo ya jiji, nami ni mkalimani wake. Alinichukua kwa sababu nilimwambia mimi ni Mnyarwanda halisi na mila zote nazijua. Usicheke, mama. Hapa nikifungua tu mdomo, wenyeji wanajua nimekulia ng'ambo.

Kilima kile hakipandiki ila kwa njia inayokatiza shamba la Mzee Mugabo. Wawekezaji waliotutangulia aliwafukuza. Sisi, sijui aliona nini kwetu, alitupenda. Akasema tupite bure, kisha akamtoa mtamba wake mwekundu, Gaju, na kumkabidhi Bwana Usumani kamba mbele ya majirani. Watu walipiga makofi, mabibi wengine wakafuta machozi. Garini bosi akaniuliza ng'ombe huyu ni wa nini. Nikakumbuka wageni wa marehemu baba walivyokuwa wakituletea mbuzi wa sikukuu, nikamjibu bila kusita kwamba ni kitoweo.

Alifurahi sana. Jana alikuwa na ugeni wa wenye mitaji kutoka Nairobi na Dubai, kwa hiyo akaagiza Gaju apelekwe machinjioni. Wageni walikula mishikaki hapa bustanini, wakasifu nyama, wakasifu kilima, wakakubali kuweka fedha zao. Walichouliza kwa mkazo ni kimoja tu, kama ile njia ni ya uhakika. Bosi akawajibu kuwa mwenye shamba ni rafiki yake.

Spéciose, mpishi wetu, hakuigusa ile nyama. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha hapa, "Mukunde we, ile ng'ombe haiko ya kula. Iko urafiki." Akanieleza kwamba ng'ombe wa kupewa hufugwa, akizaa unamrudishia mwenyewe ndama, na mpaka wajukuu wenu wanaitana ndugu. Kumchinja ni kumtangazia mtu mbele ya majirani wa kilima kizima kwamba hana maana kwako. Wewe, mama, ulinifundisha hayo utotoni, nami nikawa naona ni hadithi za wazee wa wakimbizi.

Naogopa, mama. Mzee akifunga njia hoteli imekufa, na vijana wa pale walioahidiwa kazi watabaki na ahadi. Lakini hofu inayoninyima usingizi ni nyingine. Nilirudi huku ili niwe mtu wa kwao. Nitaitwa mgeni na watu walionipokea kama binti yao, na hawatakosea.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu. Spéciose hakunieleza haya baada ya karamu. Alinieleza jana asubuhi, Gaju akiwa bado hai machinjioni, na akaniwekea simu mkononi nipige wasimchinje. Sikupiga. Niliona haya bosi ajue kwamba mtaalamu wake wa mila hajui kitu. Nikairudisha simu mezani, nikaenda kupanga viti. Na jioni Mzee Mugabo mwenyewe alipopiga kuuliza Gaju anaendeleaje, nilimjibu hajambo, anakula vizuri.

Mama, nimeacha kuandika kidogo nikachungulia dirishani. Mzee amefika na mkewe. Wamevaa nguo za kanisani, na ameshika mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Bosi amewakaribisha barazani, anacheka naye, hajui lolote. Hawana lugha moja, wote wawili wananingoja mimi. Namsikia mzee akilitaja jina la Gaju, na bosi ananiita nikamwambie amesema nini.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Shangazi Daphrose umwambie zawadi yake nimeipata. Niombee.

Ni mimi mwanao,
Mukunde