Kijiji cha Alama Sifuri

Jumatatu, 14 Julai 2025

Chome! Baridi ya huku si ya kuhadithiwa. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Anderson, mwenzangu wa kazi, ananicheka — ana koti la babake, zito kama godoro. Tumefikia kwa Mama Sadock, mjane, jirani wa zahanati. Kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Nimempenda papo hapo.

Kazi yenyewe: dodoso la afya ya akili, maswali tisa, limo kwenye tablet. Usingizi, hamu, uchovu, kujiona umeshindwa... Kila jibu lina alama, sifuri mpaka tatu. Watu sitini huku Chome, sitini kijiji cha Kwakoa kwa wenzetu, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Mradi una mshauri nasaha mmoja tu. Atakaa mwaka mzima kwenye kijiji chenye wastani mkubwa zaidi. Dokta Nathanaeli, bosi wetu, amebaki Same kwenye joto lake. Muuguzi wa zahanati alinishika mikono yote miwili. Anasema watu wanamjia na vichwa visivyosikia dawa, huyo mshauri tusimkose.

Hatutamkosa! Sisi ndio wenyewe.

Jumanne, 15 Julai

Watu tisa, wote sifuri. Sifuri!

Nilianza na Mama Sadock, nifanye mazoezi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Za asubuhi? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Na usingizi wako wiki mbili hizi? Nzuri! Na nguvu za mwili? Tunamshukuru Mungu! Dakika nne, nimemaliza. Nikajiona fundi.

Alhamisi, 17 Julai

Watu ishirini na sita. Alama zao zote ukijumlisha — tatu. Na hizo tatu ni za mzee mmoja anayeumwa jino.

Leo nilimsomea mzee Lukasi swali la kukosa hamu ya kufanya mambo. Akaniuliza, kwani maharage yanapaliliwa kwa hamu? Lakini balaa ni swali la kujiona umeshindwa. Mama mmoja alisimama kabisa. Ashindwe! Nani ashindwe? Ashindwe shetani! Akanikemea na tablet yangu kwa jina la Yesu, mimi na ushungi wangu nikaitikia amina, nifanyeje. Anderson alitoka nje kucheka. Nikajaza sifuri.

Jioni Dokta katuma kwenye grupu la WhatsApp: Kwakoa wastani ni nne. Chini yake kaandika, Chome huko mnaonekana mna raha. Nimeudhika! Raha gani? Muuguzi kanipita pale zahanati, nikajifanya natafuta mtandao.

Jumapili, 20 Julai

Nimekamata kitu!

Baada ya ibada jirani alikuja kwa Mama Sadock. Anaitwa Devotha. Nilimhoji Jumatano, sifuri safi. Mimi nilikuwa jikoni nao namenya ndizi. Wakasalimiana. Za nyumbani, nzuri. Za watoto, nzuri. Za tangu juzi, nzuri, nzuri, nzuri. Akakalishwa, akapewa chai. Wakanyamaza kidogo. Halafu Mama Sadock akasema, haya, sema sasa.

Loo! Devotha akafunguka. Mume hajapiga simu tangu Mei. Kulala halali. Chakula anapika, hakipiti. Juzi alikaa shambani mpaka adhuhuri, jembe limelala pembeni, hajui kwa nini.

Ndizi ikanidondoka. Yaani sisi wiki nzima tulikuwa tunawasalimia watu kwa tablet! Nani anajibiwa "mbaya" kwenye salamu? Mimi mwenyewe nimezaliwa Same, hata nikiwa na homa ukiniuliza za asubuhi nitasema nzuri. Nilisoma miaka mitatu ustawi wa jamii nikasahau nilivyolelewa na mama yangu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia Dokta. Kwanza alicheka. Halafu akawa mkali: maneno ya dodoso hayaguswi, ukibadilisha Chome huwezi kulinganisha na Kwakoa. Nikamwambia maneno siyagusi. Naomba sentensi moja tu kabla ya swali la kwanza, na ruhusa ya kukaa kimya kidogo. Akasema atawauliza wenzake. Kaniambia pia nina kiburi. Sawa, ninacho.

Jumatano, 23 Julai

Wamekubali! Sentensi yenyewe: "Salamu zimeisha, sasa tuambie ilivyo kweli, hata kama si nzuri." Ila kwa waliobaki tu, kumi na tisa. Waliokwisha kuhojiwa wasiguswe. Hakuna mtu kuulizwa mara mbili. Dokta kalisema hilo mara tatu.

Leo watu saba. Nilisema sentensi, nikanyamaza, nikahesabu kumi moyoni. Wa kwanza alama kumi na nne! Wa pili kumi na moja. Kwa Anderson kuna mzee alitazama miguu yake muda mrefu, kisha akajibu "karibu kila siku" mara sita mfululizo, kila moja alama tatu. Nilirudi narukaruka njiani. Halafu nikasimama. Nashangilia nini, watu kukosa usingizi? Niliona aibu. Lakini furaha haikuisha, nisijidanganye. Wote wenye alama kubwa tumewapeleka kwa muuguzi. Kanikumbatia mpaka sweta zikapinda.

Ijumaa, 25 Julai

Saa tano asubuhi. Tumefika sitini jana jioni. Dokta anafunga takwimu saa sita kamili. Wastani wetu tatu nukta tisa, Kwakoa nne. Zile sifuri za mwanzo zinatuzamisha! Alama saba tu zingetuvusha. Anderson katembea nje huku na huku, kaacha hata chai.

Nilikuwa nafunga begi. Mama Sadock akaingia, akakaa kitandani kwangu. Hakucheka. Nikaanza, shikamoo mama... akanikata kwa mkono. Anasema Devotha kamwambia, kasikia kwa majirani, siku hizi tunauliza vizuri. Yeye nilimuuliza mbiombio, akajibu mbiombio. Nimuulize tena.

Nikamwambia hairuhusiwi. Akaendelea tu, kama sijasema. Tangu mzee wake afariki anaamka saa nane usiku. Anachambua maharage, mawe huku, maharage huku. Yakiisha anayachanganya tena na mawe yake, anaanza upya. Mpaka kuche. Miaka miwili sasa. Hajamwambia mtu, hata mchungaji, maana kila mtu anampenda kwa kicheko chake.

Na mimi nimelala chumba cha pili siku kumi na moja! Kila asubuhi namuuliza umelalaje!

Nimefungua tablet, nimeandika jina lake. Imeniambia mhojiwa huyu amekamilika, sifuri. Pembeni kuna alama ya kuhariri. Ukiigusa inafunguka, nimejaribu. Inahitaji sababu ya mabadiliko, maneno kumi tu.

Ameenda kumwaga chai iliyopoa, alete ya moto. Amesema nisiondoke, bado hajaeleza ya mwaka jana.

Saa sita kasoro nane. Simu inaita, ni Dokta. Sijapokea. Anderson kachungulia dirishani anauliza, vipi, tunafunga? Nimemwambia asubiri. Mama anarudi, nasikia kandambili zake. Kisanduku cha sababu kiko wazi mbele yangu, nimeandika neno moja: Nilimsalimia