Ndoo Mbili za Jumatatu ya Pasaka

Mtaa wa Kálvária,
Makó,
4 Aprili 1991.

Mpendwa mdogo wangu Vilma,

Pokea salamu kutoka jiko lile lile ulilolikimbia. U hali gani? Magoti je? Na mumeo Carlo, kifua chake kimetulia? Huko Geelong, Australia, najua mnaanza kuingia kwenye baridi sasa, basi mfunike vizuri, maana Waitaliano hawajui kuvaa. Mimi ni mzima. Meno yamebaki ya mbele tu, lakini ulimi upo wote, kama utakavyoona.

Mwandiko wangu ni ule ule, herufi zinaegemeana kama walevi. Wewe ulipelekwa shule, mimi nikapelekwa kuchunga bata bukini. Marehemu Antal ndiye aliyenifundisha kuandika, na yule mume wangu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Kwa hiyo nasema waziwazi: nakuonea wivu, Vilma. Nimeliweka mwanzoni ili lisije likakukwama kooni katikati ya barua kama mwiba wa samaki.

Umeandika kwamba mjukuu wangu Zsiga akija huko mwezi ujao kwenye mashindano, unataka abaki kwako. Una vyumba viwili vitupu, unasema, na kuna bwana mwenye ukumbi atakayemtoa kwenye ndondi za ridhaa na kumwingiza kwenye ndondi za kulipwa. "Dada, wewe umeshamlea, sasa niachie mimi." Hivyo ndivyo ulivyoandika. Nilipomaliza kusoma nilikaa nikakata vitunguu, ili mtu akiingia asiniulize nalia nini.

Sasa sikiliza huyo unayemtaka ametoka wapi, maana wewe unamjua kwa picha. Binti yangu alipofariki aliniachia kitoto chenye kamasi na ngumi. Kilipiga kila kitu: mlango wa kanisa, farasi wa muuza kuni, na wakati mwingine ukuta. Nikamshika sikio nikampeleka kwa kocha Kálmán, kwenye ghala la zamani la vitunguu walikotundika magunia ya mchanga. Nikamwambia, "Mfundishe kupiga kwa saa maalumu, ili saa nyingine tupumzike." Mpaka leo ukumbi ule unanuka vitunguu, na mabondia wa Budapest wakija hulia kabla hawajapigwa.

Pambano lake la kwanza alipasuliwa pua. Nilipanda ulingoni na aproni yangu. Refa akasema, "Mama, shuka, hairuhusiwi." Nikamjibu, "Damu ya mtoto inaruhusiwa, bibi yake haruhusiwi? Shuka wewe!" Wakanishusha watu wawili. Tangu siku hiyo Kálmán huniwekea kiti mbali na kamba, karibu na mlango, kama mbwa anayeng'ata.

Akashindwa, akashindwa tena, halafu akaanza kushindwa kwa pointi chache, na mwishowe akaacha kushindwa. Mchana yuko kiwandani anakausha vitunguu, jioni yuko ulingoni. Ridhaa haimpi mtu kitu ila vikombe, na vikombe vyenyewe nimevipanga dirishani, naoteshea miche ya pilipili. Mkono wake wa kulia Kálmán anasema ni zawadi ya Mungu. Mimi nasema ni wa mama yake, naye aliupata kwangu.

Msimu uliopita akawa bingwa wa nchi. Nilikuwepo, kwenye kiti changu mlangoni, na chupa yangu ya chai. Akatokea amevaa lile joho jekundu ulilomtumia, jina lake limeandikwa mgongoni kwa uzi wa dhahabu. Bukta niliyomshonea mimi ilikuwa ndani, haionekani. Akashinda. Mtu wa redio akamsogezea kipaza sauti, na yule mtoto niliyemfuta pua akasema, "Namshukuru bibi yangu wa Australia kwa joho hili." Nchi nzima ikasikia! Niliporudi nyumbani, jirani yangu Mzee Gáspár alikuwa ananisubiri getini.

"Kumbe Bibi Teca umehamia Australia! Mbona hukutuaga?"

Nilimfungia geti puani. Zsiga alinieleza baadaye kwamba yule mtu wa redio alimuuliza habari za joho, ndiyo maana akajibu habari za joho. Inawezekana. Lakini wivu hauna masikio, Vilma. Nilipoosha vyombo usiku ule nilivunja bakuli, na halikuniponyoka.

Barua yako ilinifikia Zsiga akiwa kambini Budapest anajiandaa. Nikaenda posta nikampigia simu. "Unajua bibi yako wa joho anataka nini?"

Akasema, "Najua, Bibi. Ameniandikia na mimi."

"Na umemjibu nini?"

"Sijamjibu. Bado sijui."

Bado sijui! Ngumi ya namna hiyo haina refa wa kuihesabu.

Ikaja Jumatatu ya Pasaka. Wewe hujasahau, najua: asubuhi ile wanaume hupita nyumba kwa nyumba kuwamwagia wanawake maji au marashi tusije tukanyauka, nasi tunawapa yai jekundu, na kengele ya kanisa ikilia saa sita mchana, mchezo umekwisha. Zsiga ndiye amekuwa wa kwanza kunimwagia tangu alipoweza kubeba kikombe. Basi mwaka huu nikajiwekea nadhiri. Akija, bado ni wangu. Asipokuja, ameshakuwa wako. Nikafunga mlango, nikavaa gauni la kijani, nikakaa na mayai yangu mapajani.

Gáspár akaja mapema na kichupa chake cha marashi ya kuua nzi.

"Bibi Teca, fungua! Naona kuna ua linanyauka humu ndani!"

"Liache linyauke. Lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Budapest anatwanga watu!"

"Basi omba asikukute hapa, asije akatwanga na mzee."

Alicheka, lakini hakwenda kwake. Alikaa kwenye ukuta wake, anangoja kuona kama nitaaibika. Jua likapanda. Nilisikia kila hatua ya kila mpita njia, na hakuna iliyokuwa yake. Nilikuwa nimeanza kufungua vishikizo vya gauni ili nivae nguo za kazi, ndipo Gáspár akapiga kelele, "Anakuja! Anakuja, huyo anakimbia!"

Alikuwa amekimbia kutoka stesheni, amevaa sweta juu ya sweta na koti la nailoni juu yake, jasho lote litoke, apungue kabla ya kupimwa uzito wa mashindano. Hata hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kisimani, akateka ndoo nzima, si marashi kama vijana wa siku hizi. Nikatoka uani nikasimama. Maji yalikuwa baridi kama chuma, Vilma! Nilipiga ukelele wa msichana. Moyoni nikasema, umeona Vilma? Umeona?

Halafu akarudi kisimani.

"We Zsiga, imetosha, nitapata nimonia!"

"Hii si yako, Bibi. Hii ni ya Bibi Vilma. Ameniambia tangu ahamie kule hakuna aliyewahi kummwagia maji. Carlo hajui desturi. Na mimi nikifika, Pasaka itakuwa imepita. Simama wewe badala yake."

"Nilowe kwa ajili ya yule mnyang'anyi?"

"Pua zenu ni moja. Funga macho."

Akanimwagia. Kengele ikaanza kulia nikiwa bado nakohoa, na Gáspár anapiga makofi ukutani kwake.

Nakuambia ukweli, nilisimama pale na maji yako yakinichuruzika shingoni. Miaka yote hii nimekuwa nikiangalia ulichoninyang'anya, ile shule, lile joho, na sasa mtoto. Sikuwahi kufikiri kwamba kila Pasaka wewe umekaa mkavu. Wivu wangu ulilowa siku ile. Haukufa, usijidanganye. Umelowa tu, na kwa kawaida hukauka upesi.

Mezani kulikuwa na paja la nguruwe, mkate wa maziwa na supu. Maskini hakuweza kula kwa ajili ya ule uzito. Alinusa paja kama mtu anayenusa ua, akalamba kijiko kimoja cha supu. Nikamuuliza tena, "Utabaki kwake?" Akasema, "Bibi, nikikuambia hapana nitakuwa nakupendeza tu. Ngoja nikaone." Nilitaka kumzaba kofi, lakini hivyo ndivyo nilivyomlea, kusema waziwazi. Nikampa mayai mawili.

Sasa jibu langu. Mwandalie chumba kimoja. Mpe mchuzi, si tambi za Carlo, mpaka apite mizani. Huyo bwana mwenye ukumbi asimguse kabla pambano la mwisho halijaisha. Na usimlilie! Mtu akimlilia, Zsiga hushusha mkono wa kujikinga, akakubali chochote. Mabondia hawajalijua hilo, mimi na wewe tunalijua. Acha aone kwa macho yake, kisha arudi aniambie kwa mdomo wake. Akisema anahamia kwako, nitamfungia sanduku mimi mwenyewe, na bukta zangu nitaziweka juu. Lakini ukimzuia kwa machozi, nitakuja huko, Vilma, na mimi sipimwi uzito kabla ya kupigana.

Yai la pili nililompa Zsiga ni lako, atakuletea. Nimelichora kwa nta mwenyewe. Ukiona ua la yai lako ni dogo kuliko la yai la Zsiga, si macho yako, nimefanya makusudi.

Nisalimie Carlo, na binti yako Klára na watoto wake ambao majina yao siwezi kuyatamka. Kálmán anakusalimu. Hata Gáspár anakusalimu, anasema ulikuwa mzuri kuliko mimi, mjinga yule. Mungu awalinde, awape usingizi na magoti mapya.

Siku hizi mipaka imefunguliwa, hakuna anayezuiwa kuja wala kwenda. Basi Pasaka ijayo, Zsiga awe wa huku au wa huko, njoo naye. Tusimame uani kwangu karibu na kisima, kila mtu amwagiwe ndoo yake. Mimi nimechoka kulowa mara mbili.

Ni mimi dada yako akupendaye, na wivu wake bado anao,

Teca