Kabla ya Kula

Tosamaganga, 2 Juni 2024

Anjela,

Salamu zitafuata, kwanza nikuseme. Wewe unachagua saa ya kutembea kama mtu anayechagua kitenge cha harusi. Tangu Pasaka unaniambia asubuhi baridi, mchana jua, jioni simu yako imesema ndiyo saa bora, mara imebadilisha. Miezi miwili imekwisha, hatua hujapiga hata moja. Umekaa tu kwenye cherehani yako hapo Mwanjelwa, sukari inapanda.

Haya, kamwene. Mimi mzima, magoti tu. Mahindi tunavuna.

Mama yako Pendo, mwanangu wa tumbo, alikufa kwa sukari hiyohiyo akiwa na miaka thelathini na nne. Wewe una thelathini na tatu. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la tatu naiweza.

Sasa sikiliza. Saa ya kutembea ni alfajiri, tumbo tupu. Kwetu mtu hali kabla ya kushika jembe. Unalima mpaka saa nne, ndipo unakunywa uji wako kwa haki. Anayekula kwanza tunamcheka. Mimi nina sabini na sita na bado naenda hivyo.

Na usinipigie. Kwenye simu unasema ndiyo Bibi, ndiyo Bibi, kisha maneno yanapotea. Andika, nione mkono wako.

Bibi yako,
Esta

Mbeya, 11 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa Crispin, kondakta wa basi. Pole kwa magoti, na poleni kwa uvunaji. Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma mpaka masikio.

Umenisema na nimestahili. Ila nesi wa kliniki ya sukari alituambia kwamba anayejidunga sindano kama mimi atembee akiwa amekula. Saa akasema ni ile utakayoiweza kila siku. Mimi nilikuwa nafikiria saa kumi na moja jioni, nikifunga kazi. Lakini kukukatalia wewe uliyenilea tangu mama afe, moyo unagoma. Jumatatu naanza, alfajiri, kama ulivyosema.

Mjukuu wako,
Anjela

Tosamaganga, 9 Julai 2024

Anjela,

Marahaba, na hapo ndipo wema wangu unapoishia. Mwezi mzima kimya. Mimi nimekwisha kujisifu kwa wanawake wa jumuiya kwamba mjukuu wangu anaamka kabla ya wanajeshi. Sasa kila Jumapili wananiuliza unaendeleaje, nami natafuna ulimi. Hata kama miguu inauma, mkono unaandika. Nimemwuliza Crispin habari zako, akaangalia chini akasema basi linaondoka. Basi lilikuwa bado linapakia viazi.

U mzima? Niambie hilo tu.

Bibi yako,
Esta

Mbeya, 16 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe. Crispin mimi ndiye niliyemkataza kusema.

Nilitembea siku kumi, tumbo tupu. Siku ya kumi na moja nilijidunga sindano, nikatoka. Nilipokaribia mtaa wa Soweto mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka katika baridi ile, kisha sikujua kitu. Nilianguka kando ya mtaro. Nimeambiwa watu walipita wakisema ni mlevi. Aliyesimama ni mama mmoja muuza chai, anaitwa Marta. Mumewe naye ana sukari, kwa hiyo alijua. Akanipaka sukari ndani ya shavu, akaita bajaji. Daktari alisema mama huyo angechelewa kidogo, mngekuwa mnanichimbia kaburi.

Waliniuliza nani aliniambia nitoke bila kula. Sikukutaja. Lakini pale kitandani nilikuwa na hasira na wewe, Bibi, na hasira hiyo ndiyo iliyonizuia kuandika. Nesi nilimsikia. Nikakutii wewe.

Sasa sitembei tena, asubuhi wala jioni. Kila nikishika viatu nauona mtaro ule. Tafadhali usinilazimishe.

Mjukuu wako,
Anjela

Tosamaganga, 23 Julai 2024

Anjela mjukuu wangu,

Pole. Barua yako nimeisoma mara nne, na siyo kwa sababu ya macho.

Nimekosa. Karatasi hii itunze, maana hutaliona neno hilo mara mbili.

Jana nilikwenda hospitali. Nikapanga foleni na wagonjwa, mimi nisiyeumwa, mpaka nikamfikia nesi, msichana mdogo hata kwako. Nikamwuliza mtu wa sukari atembee saa ngapi. Akaniuliza kwanza: huyo mtu anajidunga saa ngapi, anakula saa ngapi, anafanya kazi gani, usiku analala vizuri? Mimi sikukuuliza hata moja.

Kuna jambo sijakuambia. Mwaka wake wa mwisho, mama yako aliomba ale kabla ya kwenda shamba. Alisema asipokula mikono inamtetemeka. Nikamwambia, "Kwangu hakuna anayekula kwanza kama mgeni." Akaenda. Saa mbili nikamkuta amekaa juu ya tuta, nguo imelowa jasho, hajui hata jina lake. Nikamwita mvivu, na majirani wanasikia. Hakuomba tena.

Nimemwuliza nesi kama hicho ndicho kilichomwua. Alisema hawezi kujua, miaka imepita mingi. Basi na mimi sitajua. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ulikuwa shuleni.

Hasira yako ni halali, kaa nayo. Lakini kuacha kutembea nakataa. Nilikuonyesha njia mbaya, hiyo haimaanishi uoze kwenye kiti. Ile saa yako ya jioni ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Nesi amesema hivyo, na mimi nasema hivyo. Atakayekucheka kwa kula kwanza, mlete kwangu.

Ijumaa napanda basi la Crispin. Nimeshamwambia, na safari hii ameniangalia usoni. Kutembea nitatembea na wewe, magoti yatajijua. Usije stendi kunipokea, nitauliza njia. Saa kumi na moja jioni nitakuwa mlangoni. Nikukute umeshakula, sukari iko mfukoni na viatu viko miguuni.

Bibi yako,
Esta