Mlangoni kwa Nansubuga

Wandegeya, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Naomba maneno haya yakukute umekaa kitako, mguu haukuumi, na Baba amepunguza kukohoa. Je, mvua imewafikia huko Voi, au mnayatazama tu mawingu yakipita? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionifanya nishike kalamu. Barua nimempa Mzee Mwakio wa reli ailete kwa mkono wake, maana za posta huku hufunguliwa.

Unajua nilikuja kusomea uuguzi wa afya ya jamii. Kazi yenyewe si ya wodini. Tunapita nyumba kwa nyumba kule Kyebando, tunapima wajawazito, tunachanja watoto, tunaangalia maji na vyoo. Shida yangu ni ulimi. Huku Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Ndiyo wanayoisema wakija kumchukua mtu. Kwa hiyo nilikuwa nikienda na mwenzangu Nakato, Mganda. Yeye akibisha hodi na kuzungumza, mimi nikipima. Mwezi uliopita kaka yake alichukuliwa kazini, Nakato akaacha masomo kwenda kumtafuta. Hajarudi, nasi hatuulizi kwa sauti.

Kulikuwa na mama mmoja, Nansubuga, mwenye mimba kubwa. Miguu ilikuwa imevimba na presha iko juu. Tulimsihi aende hospitali, akasema anangoja mumewe apate nafasi ya kumpeleka. Nakato alipoondoka sikutulia. Mwalimu wetu akaniambia, "Nenda mwenyewe, Wakesho. Huyo si wa kungoja."

Nilienda mchana, nimevaa sare. Mlango ulikuwa umefungwa, na dirisha pia. Nikagonga, na kabla sijafikiri nikaita kwa Kiswahili, "Hodi! Fungueni, mimi muuguzi."

Ndani kitu kilianguka. Mtoto akaanza kulia, kilio kikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikaita tena kwa Kiganda changu kibovu. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na watu wakikimbia.

Nilipozunguka nilimkuta mama mkwe wa Nansubuga amesimama, mikono juu. Alipoiona sare yangu, aliishusha mikono.

"Sisi nafikiri ni majeshi," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Mimi naambia yeye kimbia."

Nansubuga alikuwa ameanguka kati ya migomba, degedege limemshika, povu mdomoni. Nilimlaza ubavu nikamshika kichwa, huku nikiita majirani. Walitoa kitanda, tukambeba mpaka barabarani, na muuza makaa mmoja akatupakia kwenye pikapu yake. Hospitalini dawa ya kutuliza degedege ilikuwa imekwisha. Walimpasua, mtoto wa kike akatoka hai. Nansubuga hakuzinduka.

Mumewe, fundi viatu, alinikuta nje ya wodi. Akaniuliza taratibu, "Wewe nasema nini kwa mlango?"

Nikamwambia. Alinipa kisogo akaenda zake.

Mwalimu anasema presha ile ingemwangusha hata kama ningebaki bwenini. Huenda. Alisema pia kwamba Wakenya wengi wanaondoka, na hatanilaumu nikipanda treni. Nilifunga sanduku, Mama, nisikufiche. Kisha yule mama mkwe akaja mwenyewe mpaka chuoni kuniambia mtoto anatapika maziwa ya kopo. Nikavaa sare nikamfuata.

Sasa nakwenda kila wiki. Tulijifunza kuyachanganya maziwa vizuri, na mtoto ameanza kunenepa mashavu. Bibi yake hunisahihisha Kiganda tukimlisha. Baba yake akiniona hutoka kwa mlango wa nyuma, nami simlaumu. Kwa watu wengine sigongi tena. Nasimama uani mahali wanapoweza kuiona sare, nangoja. Wako wasiofungua kabisa.

Basi usinitazamie karibuni. Nitamaliza masomo. Usidhani ni ujasiri. Gari likisimama nje ya bweni sote hunyamaza, na mimi huwa wa kwanza.

Nisalimie Baba, na kaka Mwadime shambani kwake, na shangazi anayekuchotea maji. Wifi Halima, wewe unayemsomea Mama barua hii, nakushukuru. Habari za Nansubuga msomee polepole. Na mdogo wangu Mghoi ndiye anijibu, kwa Kidawida chetu cha nyumbani, hata mistari michache. Nina hamu ya kusoma lugha ambayo hapa hakuna anayeiogopa.

Ni mimi mwanao ninayekuombea,

Wakesho