Gari Inalia Nyuma

Baba Houda,

Maharagwe yamo kwenye sufuria, pasha moto ule. Gari usiiwashe.

Asubuhi, mbele ya mama yako, umesema nyuma kunalia sababu ya magunia yangu ya muchele. Mi nikasema: ukikanyaga mafuta inalia, ukiachia inanyamaza, basi ni ile ponti ya nyuma, yenye gia za kuzungusha magurudumu, uliyoifungua mwenyewe Jumamosi. Ukacheka. Mi mtoto wa fundi magari wa Buyenzi, ukanicheka.

Ulipotoka nimeshusha magunia yote, nikaenda na gari tupu hadi msikitini na kurudi. Bado inalia.

~~Usinipigie simu.~~ Mpigie mama yako kwanza, umwambie si magunia, ndipo mimi.

Bidoni iliyokalia karatasi hii ni ile oili ya kujaza ponti ulipomaliza kuifunga Jumamosi. Nimeikuta nyuma ya mlango. Haijafunguliwa.

Mama Houda